Vitofali Viwili vya Nta

Ripoti ya kwanza ya dadangu ilikuwa karatasi moja, na sehemu kubwa ya karatasi hiyo sikuielewa. Nilielewa jina lake na umri wake. Nilielewa kwamba ni saratani na kwamba ni ya ovari, kwa kuwa upasuaji wenyewe, uliofanyika Mombasa, ulikuwa wa kuitoa ovari iliyovimba. Chini kabisa palikuwa na sentensi iliyosema kwamba aina ya saratani hiyo haikuweza kubainishwa kikamilifu, na kwamba ilipendekezwa ifanyiwe vipimo vya protini. Hapo nilikwama.

Mimi ni muuza vitambaa. Duka letu liko Usita wa Mui, njia kuu inayopita katikati ya mji wa Lamu, na nimelishika tangu baba alipofariki nami nikiwa kidato cha pili. Sikurudi shule. Nilichokijua baada ya hapo nimekisoma mwenyewe nyuma ya kaunta, kati ya mteja mmoja na mwingine: Kiingereza kwanza, halafu hesabu za biashara, halafu chochote kilichonikera kwa kutoeleweka. Nasoma polepole. Neno nisilolijua silipiti. Huandika kwenye vile vibao vya karatasi ngumu vinavyobaki ndani ya jora kitambaa kikiisha, kwa sababu ni vipana na havipeperushwi na feni.

Kibao cha kwanza cha ugonjwa wa dadangu niliandika juu yake: protini ni nini. Mpaka siku hiyo protini kwangu ilikuwa maharagwe, samaki na mayai. Sikujua kwamba ni jina la vitu vidogo mno vinavyofanya kazi zote ndani ya seli ya mwili: vingine hujenga, vingine hupokea habari kutoka kwenye damu, vingine huzuia seli isizaliane ovyo. Sikujua pia kwamba saratani ya ovari si ugonjwa mmoja. Ni magonjwa kadhaa yanayokaa mahali pamoja, na hayafanani kwa chanzo, kwa kasi, wala kwa dawa yanayoisikia. Wakati mwingine mtaalamu akiyatazama kwa hadubini huona sura zinazokaribiana sana. Kinachoyatenganisha ni protini. Aina moja huwa na protini fulani ambayo nyingine haina.

Tunaishi nyumba moja, watu watatu: mama, mimi, na dadangu mdogo, ambaye ni mwalimu wa chekechea. Yeye ndiye mwenye maneno katika nyumba yetu. Aliponikuta na vibao vyangu alisimama mlangoni, mkono mmoja umeshika mshono wa tumbo, akaanza.

"Wasoma mtihani gani, dada? Wataka udaktari na mvi zishaingia?"

"Nasoma ugonjwa wako."

"Basi ukifika pazuri nambie. Pabaya pita kimyakimya."

Daktari wa Mombasa alikuwa ametueleza shida ilipo, na alitueleza vizuri, bila haraka. Upasuaji haukumaliza yote, mabaki madogo yalikuwa yamesalia tumboni, na alidhani ni moja kati ya aina mbili. Ya kwanza inakwenda kasi, lakini huisikia dawa kali ya kutiwa kwenye mshipa. Ya pili ni ya polepole, lakini dawa hiyo kali haiifanyi kitu kikubwa, na mara nyingi hutibiwa kwa vidonge vinavyoinyima homoni. Ukimpa mgonjwa wa aina ya pili dawa ya aina ya kwanza, utakuwa umemchosha bure. Ukimpa wa aina ya kwanza vidonge tu, utakuwa umeuachia ugonjwa nafasi. Dadangu alikuwa amekonda mpaka pete yake ikawa inavaliwa kidole gumba. Hakuwa na nguvu za kupoteza kwa kubahatisha. Ilibidi ijulikane ni ipi.

Vipimo vya protini maabara ya Mombasa haikuvifanya. Wakatukabidhi nyama yenyewe tuipeleke Nairobi, ambako daktari mwingine alitaka kumwona dadangu pia. Nasema nyama, lakini mtu asidhani ni kitu cha kutisha. Kipande kidogo kilichokatwa kutoka kwenye uvimbe hukaushwa maji kwa dawa, kisha hujazwa nta iliyoyeyushwa, na nta ikiganda unapata kitofali kigumu cheupe, ukubwa wa kete ya dhumna. Tulipewa viwili. Kila kimoja kilishikamana na kifuniko cha plastiki chenye nambari iliyoandikwa kwa penseli, na ukikitazama kwa karibu uliona ndani yake kitu kama ukucha wa rangi ya kahawa ya maziwa. Uvimbe uliobaki baada ya kukatwa vipande hivyo, hospitali ilikwisha kuuteketeza, kama ilivyo kawaida yao. Hivyo viwili ndivyo pekee vilivyosalia.

Nilipewa masharti: visikae juani, visikae karibu na jiko. Friji havihitaji. Nikaviweka kwenye kabati la chumba cha ndani, ambacho kuta zake za mawe ni nene na joto haliingii, tukawa tunangoja siku ya miadi.

Siku zile za kungoja ndipo mama aliponiuliza ni nini kile nilichokifungia kabatini. Mama amewatia hina mabibi harusi wa mtaa wetu kwa miaka mingi, mpaka mikono ilipoanza kumtetemeka, na mimi nilifurahi kupata mfano atakaoujua. Nikamwambia Nairobi watakata nta ile nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, wataibandika juu ya kioo, kisha wataipaka maji yenye kitu kinachotafuta protini moja tu. Kikiipata protini hiyo kitaing'ang'ania, na hapo patageuka rangi ya kahawia. Kisipoipata, kitaoshwa kiondoke, na pale patabaki peupe.

"Kama hina," mama akasema. "Kiganja hushika, mgongo wa mkono haushiki sana."

"Kama hina hasa."

"Kwa hivyo mle ndani mna nyama ya mwanangu."

"Ndiyo, mama."

"Nyama hasa?"

"Nyama hasa. Nta ni ya kuihifadhi tu."

Nikaona nimeeleza vizuri.

Baada ya siku chache mama alikuja dukani, jambo ambalo halifanyi mara nyingi, akaniomba kipande cha bafta, kiasi cha leso ya mkononi. Nikamkatia. Nilidhani anataka kitambaa cha kuchujia tui.

Kwetu kinachotoka kwenye mwili wa mtu huzikwa. Nywele za mtoto za arobaini huzikwa, kucha huzikwa, jino huzikwa, na kondo la nyuma huzikwa nyumbani alikozaliwa mtoto. Jirani yetu mmoja alikatwa mguu kwa sababu ya sukari, na mguu ule ulirudishwa kutoka bara kwa boti, ukazikwa makaburini, na mwenyewe akaishi muda mrefu baadaye. Ijumaa alikuwa akienda kuwazuru wazazi wake, akimaliza anapitia kuusalimia mguu. Watu walimtania lakini hakuna aliyeshangaa. Bafta ndiyo sanda. Kama ningeyaweka mambo hayo pamoja siku ile ningejua. Sikuyaweka.

Nilifungua kabati asubuhi moja ili nivifunge vitofali kwa safari, nikakuta mfuko wa plastiki niliovitilia umekunjwa vizuri, mtupu. Mama alikuwa uani anachambua mchele.

"Mama, vile vitofali viko wapi?"

"Viko mahali pake."

"Mahali pake ni kabatini."

"Kabatini si mahali pa nyama ya mtu, pamoya na mashuka." Mama husema Kiamu chake cha zamani, ambacho mchanga huitwa mtanga, hata anapokasirika kwa upole. "Nimevizika. Nimevitia mtangani."

Niliketi kwenye ngazi. Dadangu alitoka chumbani kwake, taulo kichwani, akatutazama mmoja mmoja.

"Nani kazikwa?"

"Wewe," nikamwambia.

"Mimi? Mama, hukunambia hata nikavaa nguo nzuri?"

"Nyamaza wewe. Si jambo la mzaha."

"Si mzaha. Nauliza tu, matanga ni lini? Nipike nini?"

Mama hakucheka. Akasema anajua alichokifanya, hakukifanya kwa ujinga. Alitia udhu, alivivika bafta, alivisomea, akavizika. Na kilichozikwa hakifukuliwi. Halafu akanielekea mimi, akasema kwa sauti ya chini: "Na tangu nivizike, huoni anavyokula? Huna mato?"

Ilikuwa kweli kwamba dadangu alikuwa ameanza kula. Kwa hesabu yangu ni kwa sababu mshono ulikuwa umepona na dawa za maumivu zilizokuwa zikimtibua tumbo zilikwisha. Lakini kwa hesabu ya mama, alikuwa ameyazika maradhi yenyewe, na mimi nilikuwa namtaka ayafukue.

Nilimpigia simu daktari wa Mombasa, nikauliza kama maabara imebaki na chochote. Imebaki na vioo vichache, akasema, lakini vimekwisha kupakwa rangi nyingine na havifai kwa vipimo hivi. Bila vitofali, njia ni mbili: kumrudisha dadangu mezani wachukue nyama nyingine, au kuchagua dawa kwa kukisia. Nilimweleza kilichotokea. Nilitarajia atanigombeza au atacheka. Badala yake akauliza swali ambalo mpaka leo namshukuru kwalo.

"Huo udongo ni mkavu au una maji?"

"Ni mchanga. Mkavu."

"Basi pengine hakuna kilichoharibika. Nta ni kinga nzuri. Vitoeni mapema tu, kabla ya mvua."

Kuvitoa, hata hivyo, si jambo ambalo ningelifanya mwenyewe. Ua wetu si mkubwa, na kwa kutafuta ningepaona mahali palipochimbwa. Lakini sikuwa tayari kuchimba nyuma ya mgongo wa mama ndani ya ua wake, kisha tuendelee kula sinia moja. Na yeye alikuwa amekwisha kusema.

Kuna mwalimu anayewapa darsa wanawake wa mtaa wetu, mwanamke wa rika langu, mwenye haraka na asiyependa maneno mengi. Alikuja dukani kutafuta kitambaa cha buibui, na huku nikimpimia nikamweleza. Alinihoji kama mtu anayejaza fomu.

"Kiungo ni cha maiti au cha mtu hai?"

"Hai. Dadangu."

"Chatakiwa kwa matibabu yake mwenyewe au ya mwingine?"

"Yake."

"Kuna ndia nyingine isiyo na madhara?"

"Kumpasua tena."

"Hiyo si ndia, hiyo ni balaa." Alikunja kitambaa chake. "Hiyo ni dharura, Bi. Hakuna katazo la kukitoa, na kikibaki kitu baada ya matibabu mtakirudisha. Mwambie mama nimesema hivyo, na asiponiamini nitakuja mwenyewe. Lakini wewe nambie: dadako mwenyewe amesemaje?"

Mama alikuwa amesema, mimi nilikuwa nimesema, daktari alikuwa amesema. Dadangu alikuwa amefanya mzaha, na sisi tukauchukua mzaha kuwa ndiyo kauli yake.

Alasiri hiyo, baada ya sala, nilimweleza mama alichosema mwalimu, kisha nikamuuliza dadangu lile swali mbele yake. Tulikuwa uani wote watatu. Dadangu hakufanya mzaha. Alivuta kigoda akakaa karibu na mama, magoti yao yakagusana.

"Mama, nywele zangu za arobaini ulizizika wapi?"

"Hapa hapa."

"Zilikuwa za nani?"

"Zako. Swali gani hilo?"

"Na hivi ni vya nani?"

Mama akazungusha bangili mkononi.

"Mimi navitaka," dadangu akasema. "Nataka kujua kinachonila ni kipi."

"Na wakikwambia ni kile kibaya?"

Hapo nikaelewa. Nilikuwa nimemweleza mama habari za hina na protini na ngozi ya kitunguu, lakini hilo sikuwa nimelifikia. Mama alisikia kwamba ndani ya nta ile mna jibu, na jibu linaweza kuwa baya, na akafanya alichoweza ili lisitamkwe.

"Wakisema ni kibaya," dadangu akamjibu, "wanipe dawa ya kibaya. Hata nikinyamaza na wewe ukinyamaza, chenyewe chajijua ni kipi. Sisi tu ndio hatujui."

Mama akainuka, akachukua kijembe chake cha maua, akapiga bismillahi. Nilitaka kumsaidia akanizuia kwa mkono. Alikwenda kwenye asumini iliyo pembeni, akachimba taratibu, akisogeza mchanga kwa kiganja kila baada ya pigo moja, kama mtu anayechimbua yai la kasa.

"Nilivitia karibu na kondo lake," akasema bila kugeuka. "Vikae pamoya."

Bafta ilikuwa imegeuka rangi, na kona moja imetafunwa na wadudu. Ndani yake vitofali vilikuwa vizima. Mama alikuwa amevitoa kwenye mfuko wa plastiki ili sanda ivifikie, kwa hivyo mchanga ulikuwa umeshika kila upande, na kimoja kilikuwa na mkwaruzo mrefu. Nambari za penseli zilisomeka. Mama akataka kuviosha kwa maji ya moto, nikamsihi asifanye hivyo. Tukavipangusa kwa brashi laini kavu, yeye kimoja, mimi kimoja, na ule mchanga uliodondoka akaukusanya akaurudisha alikoutoa.

Tulivuka kwa boti mpaka Manda kupanda ndege, mimi na dadangu. Vitofali nilivitia kwenye kibakuli cha plastiki, kibakuli ndani ya mkoba wa kubebea chakula cha baridi, kwa kuwa pale uwanjani kuna jua na kungoja. Askari wa ukaguzi alikifungua kibakuli akakitazama.

"Hii ni nini, mama?"

"Nta."

"Nta ya nini?"

Kabla sijaanza maelezo, dadangu akanitangulia. "Huyo ni mimi. Twasafiri wawili kwa tiketi moja, usiwaambie."

Ilibidi nieleze kwa kirefu. Askari alisikiliza mpaka mwisho, akafunga kibakuli kwa uangalifu, akamrudishia dadangu kwa mikono miwili. "Haya, pita na pacha wako. Mungu awape nafuu nyote wawili."

Maabara ya Nairobi ilikuwa na kijumba cha kupokelea, na mtaalamu aliyepokea alikuwa kijana wa bara, mpole. Aliviweka vitofali chini ya taa akavigeuza.

"Mama, hivi vimetoka wapi? Vina mchanga."

"Vilizikwa."

"Vilizikwa aje?"

Nikamweleza. Nilikuwa nimejiandaa kumtetea mama, lakini hakukuwa na haja. "Shosho yangu angefanya vivyo hivyo," akasema, akimaanisha bibi yake. "Hata yeye hangeuliza mtu." Kisha akanionyesha shida yake. Mashine inayokata nta ile ina wembe, na chembe moja ya mchanga inatosha kuutia pengo, na wembe wenye pengo huchana kila kipande kinachofuata. Asingeweza kuanza kukata. Ingebidi ayeyushe nta yote ya zamani, asafishe nyama, aitie nta mpya, na hata hivyo hakuahidi. Akasema tumpe siku chache.

Kitofali kimoja hakikufaa. Kilikuwa kile chenye mkwaruzo. Vipande vyake vilitoka na michirizi na mashimo. Cha pili kilikatika vizuri.

Siku ya majibu tulipokewa na daktari anayesoma vioo, mwanamke aliyevaa miwani juu ya kichwa na mingine usoni. Alipoona naandika kila alichosema aliuliza kama mimi ni muuguzi. Nikasema nauza vitambaa. Akanikaribisha kwenye hadubini yenye macho pande mbili, yeye huku, mimi kule, na dadangu amekaa kitini nyuma yetu.

"Umesoma nini kuhusu hii p53?" akaniuliza. Hiyo ni protini inayozuia seli isizaliane ovyo, na nilikuwa nimeisoma zaidi ya zote.

Nikamwambia nilivyoandika: kwamba ikionekana imejaa kila mahali ni ishara mbaya, na isipoonekana kabisa ni salama.

"Nusu ya kwanza ni sawa," akasema. "Ya pili si sawa. Isipoonekana kabisa pia ni mbaya. Ina maana imevunjika, haitengenezwi. Ile aina inayokwenda kasi huwa hivyo, ama kote ama hakuna. Tunachoomba kuona ni mchanganyiko."

Nilishukuru kwamba sikuwa nimemwambia dadangu ile nusu ya pili. Nikainama nikatazama.

Kwanza niliona kijivu cha samawati tu. Kisha macho yakazoea, nikaona viini vya seli, vingi, vimesongamana kama punje za mtama. Vingine vilikuwa kahawia iliyokolea. Vingine kahawia hafifu. Vingine havina rangi. Hapa imeshika, hapa haikushika. Jora lililotiwa rangi namna ile ningelirudisha kwa aliyeniuzia siku hiyo hiyo.

"Imechanganyika," nikasema.

"Imechanganyika," daktari akakubali. "Hiyo ni protini nzima inayofanya kazi yake ya kawaida." Akabadilisha kioo. "Na hii ni ile inayopokea homoni."

Hapo hapakuhitaji macho ya kuzoea. Karibu kila kiini kilikuwa kahawia.

Aligeuka akamwelekea dadangu, akamweleza yeye, si mimi. Ni ile aina ya polepole. Dawa kali ya mshipa haitamfaa sana, kwa hivyo hatapewa. Atapewa kidonge kimoja kila siku cha kuinyima seli ile homoni inayoitegemea. Hakusema ugonjwa utaondoka. Alisema unaweza kuzuiwa, na kwamba wapo wanaoishi nao miaka mingi wakifanya kazi zao.

"Yaani nimepata ugonjwa mvivu?" dadangu akauliza.

"Mvivu, lakini mkaidi. Haukubali kuondoka upesi."

"Mimi ni mwalimu wa chekechea, daktari. Wavivu wakaidi ndio kazi yangu."

Daktari alicheka mpaka miwani ya kichwani ikamteleza. Kisha akatwambia kwamba kitofali kizima angependa kibaki pale maabara. Protini zinazojulikana leo si zote. Dawa mpya hutokea, na kila dawa huwa na protini inayoitafuta. Ikitokea siku moja dadangu akahitaji dawa nyingine, watakata kipande kingine cha nta ile ile bila kumgusa yeye. Lakini uamuzi ni wetu.

Dadangu alisema uamuzi ni wake, na kwamba amekubali, lakini anataka mama asikie kutoka kwake. Akapiga simu pale pale, akaweka sauti nje. Alianza na habari ya vidonge. Upande wa pili tulisikia alhamdulillahi nyingi, kisha mama akilia, kisha akipenga kamasi. Dadangu akamwacha amalize ndipo akamweleza habari ya kitofali.

"Wataviweka wapi?" mama akauliza.

"Ni kimoja, mama. Kile kingine tunarudi nacho, ukitie mtangani upendavyo. Hiki kitakaa kwenye kabati lao, ndani ya droo, kuna baridi."

"Peke yake?"

"Na vya wanawake wengine. Vimejaa droo nzima."

Daktari akachukua kalamu.

"Waambie basi," mama akasema, "wasikisahau mle. Na wasimpe mtu mwingine dawa kwa nyama ya mwanangu."

Daktari akasogea karibu na simu. "Hatutakisahau, mama. Kina nambari yake."

Hiyo ilikuwa kabla ya mfungo uliopita. Vidonge vinamuumiza dadangu viungo asubuhi, na kuna siku anapanda ngazi za nyumba yetu kwa kushika ukuta. Joto humpanda ghafla akaanza kujipepea mbele za watu. Lakini picha ya mwisho waliyompiga Mombasa inaonyesha kwamba kilichobaki tumboni hakijaongezeka, na kipimo cha damu kinachofuatilia saratani kimeshuka. Pete imerudi kwenye kidole chake. Najua kwamba kutoongezeka si kupona. Nimelisoma hilo kwa makini, na yeye amelisoma pia, kwa sababu siku hizi ananiomba nimsomee hata pale pabaya.

Wiki iliyopita mwalimu mkuu wa shule yake alimwita. Darasa la watoto wapya litafunguliwa Januari, na alitaka kujua kama angelishika muhula mmoja kwanza, aone hali yake, au alichukue mwaka mzima. Dadangu alirudi nyumbani, akavua buibui, akamimina chai. Mama akamuuliza amejibu nini.

"Mwaka," akasema, akauliza kama kuna mkate.